Habari za Chumvi na Kipimo Chake

Jumapili moja baada ya Misa, hapa kwetu Ibanda, mama mmoja wa shirika letu alitungoja karibu na mlango wa kanisa. Mume wake alikuwa ameanguka wiki tatu kabla ya siku hiyo. Asubuhi aliamka mzima, akanawa uso, akataka kufunga viatu vyake. Mkono wa kuume ukakataa, na maneno yakampotea kinywani. Hospitalini walisema ni kiharusi, na kwamba kimeletwa na shinikizo la damu, lile ambalo hapa mjini twaliita tansio. Wakamwonya mama: "Punguza chumvi katika chakula chake."

Basi mama yule alituuliza maswali mawili. La kwanza lilikuwa hili: "Mwalimu, zamani tulifundishwa kwamba chumvi ya dukani ni dawa, na kwamba anayeila hatapata rovu. Leo naambiwa chumvi ni adui. Tushike neno gani?" La pili alilisema kwa sauti ndogo: "Je, ni chungu changu kilichomwangusha baba wa watoto wangu?"

Hatukuweza kumjibu papo hapo. Tulimwomba muda, tukaenda kusoma na kuwauliza watu wenye elimu ya dawa. Tuliyoyapata twayaandika hapa, kwa kuwa maswali ya mama huyu ni ya nyumba nyingi. Tena jibu lake latutaka kwanza turudi nyuma, tujue babu zetu waliipataje chumvi, nasi tumeipataje.

Wakati wa uhaba

Waswahili wakimwona mzee mwenye miaka mingi husema: "Huyu amekula chumvi nyingi." Maana yake ameishi sana na ameona mengi. Msemo huu wafaa kufikiriwa. Mahali ambapo chumvi yapatikana punje kwa punje, mtu hawezi kula chumvi nyingi isipokuwa kwa kuishi miaka mingi. Wahenga walipima umri kwa chumvi kwa sababu ilikuwa adimu.

Hata neno lenyewe ni la kale sana kati yetu. Mashi husema *omunyu*, Kinyarwanda *umunyu*, Kiganda *omunnyo*. Na Kiswahili cha pwani chalijua neno *munyu* pamoja na neno *chumvi*. Lugha hizi ni ndugu, na ndugu hawa wamelitunza jina moja kwa karne nyingi, kama watu watunzavyo jina la kitu cha thamani.

Je, watu wa bara, walio mbali na bahari, waliipata wapi? Walikuwa na njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya majivu. Katika sehemu nyingi za Kongo watu walikata matete na majani yanayoota majini au mabondeni, wakayaanika, wakayachoma. Majivu waliyatia katika chombo chenye matundu chini, wakamimina maji juu yake. Maji yaliyochuruzika waliyachemsha mpaka yakauke, na chini ya chungu ikabaki chumvi ya rangi ya kijivu, yenye uchungu kidogo. Kazi ya siku nzima ilitoa konzi chache tu. Tuikumbuke chumvi hii ya majivu, maana tutairudia mwishoni: mara nyingi ilikuwa na potasiamu nyingi kuliko sodiamu, yaani haikuwa sawa na chumvi ya baharini.

Njia ya pili ni ya biashara. Mashariki ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Uvinza, karibu na mto Malagarasi, ziko chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1967 wachimbuzi wa mambo ya kale walichimba hapo, wakaona kwamba watu walichemsha maji hayo kwa vyungu tangu miaka kama 1,500 iliyopita. Burton na Speke walipopita nchi hiyo mwaka 1858, chumvi ya Uvinza ilikuwa imekwisha kuwa bidhaa maarufu, nayo ilifika Ujiji na kuvuka kwenda nchi za kando ya ziwa. Upande wa kaskazini, katika Uganda ya leo, liko ziwa dogo la Katwe, karibu na Ziwa Edouard. Chumvi yake ilibebwa kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu mpaka falme za jirani, Rwanda, na nchi za mashariki ya Kongo. Wafalme waligombea ziwa hilo dogo. Stanley alilifikia mwaka 1889, na Lugard alijenga ngome hapo mwaka 1891, kwa kuwa alijua kwamba mwenye kushika chumvi ameshika njia za biashara.

Kitu kilicho haba huwa alama ya heshima. Mchuzi wenye chumvi ulikuwa mchuzi wa mgeni, wa mkwe, wa sikukuu. Kumnyima mtu chumvi ilikuwa aibu. Wazee wetu wanakumbuka pia kwamba katika ibada ya Ubatizo ya zamani, kabla ya kitabu kipya cha mwaka 1969, padri alitia chumvi kidogo katika kinywa cha mbatizwa, iwe ishara ya hekima. Watu waliielewa ishara hiyo pasipo maelezo marefu. Lakini tuangalie: ilikuwa chumvi kidogo tu kwenye ulimi. Hakuna padri aliyetia kijiko kizima.

Chumvi nyeupe

Halafu mambo yakageuka upesi. Wazungu walileta chumvi nyeupe ya magunia. Katika siku za kwanza za ukoloni wapagazi na wafanyakazi wengi wa Kongo hawakulipwa fedha, bali nguo, shanga na chumvi. Baadaye, katika mashamba na machimbo, chumvi iliwekwa katika posho ya mfanyakazi pamoja na unga, maharagwe na mafuta. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, nayo yapita Uvinza kwenyewe. Mzigo uliochukua miezi kichwani mwa mtu sasa ulichukua siku chache. Barabara zikafuata, na meli za ziwani.

Hivyo, katika maisha ya babu na mjukuu wake, chumvi ilitoka kuwa mali ikawa kitu cha kila siku. Leo ukienda soko la Nyawera, mtoto aliyetumwa na mama yake aweza kurudi na kifuko cha chumvi kwa fedha kidogo sana, kuliko nyanya, kuliko mafuta, kuliko sambaza. Ndicho kiungo cha maskini. Sombe haina karanga wala mawese? Iongezwe chumvi. Maharagwe hayana kitunguu? Iongezwe chumvi.

Tena chumvi imejificha katika vyakula ambavyo babu zetu hawakuvijua. Iko katika mkate wa asubuhi. Iko katika makayabu, samaki wa baharini aliyekaushwa kwa chumvi nyingi ili asioze njiani. Iko katika vile vipande vidogo vya kukoleza mchuzi tunavyoviita kube, ambavyo sehemu yake kubwa ni chumvi. Mama atia kube mbili katika mchuzi, kisha atia chumvi kama kwamba kube hazikuwa na kitu.

Uhaba umekwisha, lakini mazoea ya uhaba hayakwisha. Mikono yetu bado yaitia chumvi kama heshima, kumbe sasa twaipata bila kipimo. Hapa ndipo shida ilipoanza.

Habari za Idjwi

Kabla ya kuisema shida hiyo, haki yatutaka tuseme wema wa chumvi. Tutazame ziwa letu. Mbele yetu, kaskazini ya Bukavu, kiko kisiwa cha Idjwi. Miaka ya 1960 kisiwa hicho kilijulikana na waganga wa nchi za mbali kwa sababu ya rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni.

Tezi hiyo ni ndogo, lakini kazi yake ni kubwa: hutengeneza maji maji yanayoongoza joto la mwili, ukuaji wa mtoto, na akili yake tangu tumboni mwa mama. Ili ifanye kazi, yahitaji madini joto, yaani iodini. Mvua nyingi za milima yetu zimeyaosha madini hayo kutoka katika udongo na kuyapeleka baharini, hivyo vyakula vya mashamba yetu vina iodini kidogo sana. Tezi ikikosa madini hayo hujitahidi, huvimba, ikaonekana shingoni. Uvimbe ndio unaoonekana, lakini kuna baya zaidi: mama mjamzito aliyepungukiwa sana aweza kuzaa mtoto asiyekua vema, asiyesikia, au asiyeweza kujifunza.

Wachunguzi wa Kibelgiji, akina François Delange na André Ermans, walifanya kazi Idjwi, wakisaidiwa na kituo cha utafiti cha Lwiro, ambacho kilianzishwa na shirika la IRSAC lililoundwa mwaka 1947. Waliona jambo la ajabu. Upande wa kaskazini wa kisiwa kama nusu ya watu walikuwa na rovu. Upande wa kusini magharibi walikuwa kama 5 tu katika kila 100. Lakini pande zote mbili zilikuwa na upungufu wa iodini! Tofauti ilitoka wapi? Katika makala waliyoyatoa mwaka 1971 na baadaye, walionyesha kwamba muhogo ulikuwa na sehemu yake. Muhogo usiotayarishwa vizuri huacha sumu mwilini, na mwili ukiigeuza sumu hiyo, hutoka kitu kinachoizuia tezi kupokea hata ile iodini kidogo iliyopo. Ndiyo sababu mama zetu wafanya vema kuloweka muhogo siku za kutosha na kuuanika sawasawa.

Wachunguzi hao waliwadunga watu sindano ya mafuta yenye iodini, nao walipata nafuu kwa miaka kadhaa. Lakini nani ataweza kuwadunga watu wote wa nchi? Hapo ndipo chumvi ilipochaguliwa. Kwa nini chumvi? Kwa sababu tajiri na maskini huila, kila siku, karibu kwa kiasi kile kile, nayo yatoka mahali pachache ambapo yaweza kutiwa iodini kwa pamoja. Mwaka 1990, katika mkutano mkuu wa New York juu ya watoto, mataifa yaliahidi kuumaliza upungufu wa iodini, na katika miaka iliyofuata chumvi yenye iodini ilienea mpaka Kivu. Huo ndio ukweli aliofundishwa mama wa shirika letu, nao haujabadilika.

Lakini sikilizeni. Mwaka 1996 gazeti la waganga liitwalo Lancet lilitoa habari kutoka Kivu hii hii: baada ya chumvi yenye iodini kuingia, baadhi ya watu waliokuwa na marovu ya siku nyingi walipata ugonjwa mwingine. Tezi zao, zilizozoea njaa, zilipopewa iodini nyingi kwa ghafula zilifanya kazi kupita kiasi: moyo ukadunda mbio, mwili ukakonda, mikono ikatetemeka. Hiyo haikuwa sababu ya kuiacha chumvi yenye iodini, maana wema wake ulikuwa mkubwa mno kuliko hasara. Ilikuwa sababu ya kuipima vizuri. Kwa hiyo Kivu imetufundisha mapema lile tunalotaka kulisema katika makala haya yote: jambo jema nalo lina kipimo.

Upande wa pili wa chumvi

Chumvi ya mezani imeundwa kwa vitu viwili, sodiamu na klorini. Katika kila gramu 100 za chumvi, kama gramu 40 ni sodiamu. Mwili wahitaji sodiamu: bila hiyo mishipa ya fahamu haipeleki habari, misuli haikazi, na maji ya mwili hayakai mahali pake. Figo ndizo zinazolinda kipimo. Sodiamu ikizidi, mwili hushika maji ili kuizimua. Damu huongezeka, nayo husukuma kuta za mishipa kwa nguvu. Mwaka baada ya mwaka mishipa hukakamaa, moyo huchoka, figo huharibika. Haba na haba hujaza kibaba. Mtu hasikii maumivu yo yote, mpaka siku mkono unapokataa kufunga kiatu.

Je, waganga walijuaje? Mwaka 1904 huko Paris, Ambard na Beaujard waliona kwamba wagonjwa wenye shinikizo la damu hupata nafuu chumvi ikipunguzwa katika chakula chao. Wengi hawakuwasikiliza. Miaka ya 1940 huko Marekani, daktari Walter Kempner aliwalisha wagonjwa wali na matunda bila chumvi, na shinikizo likashuka kwa wengi.

Lakini ushahidi ulio karibu nasi zaidi ulitoka Afrika ya Mashariki. Mwaka 1929 daktari Donnison, aliyefanya kazi Kisii katika Kenya, alitoa habari za watu wapatao 1,000 aliowapima. Aliona kwamba shinikizo la damu la watu wale wa shamba halikupanda kwa uzee kama la watu wa Ulaya. Wazee wa Kisii walikuwa "wamekula chumvi nyingi" kwa maana ya msemo wetu, na chumvi kidogo kwa maana ya kweli.

Mwaka 1988 utafiti mkubwa uitwao INTERSALT ulitolewa: watu 10,079, katika mahali 52, katika nchi 32. Kati ya mahali hapo 52, pane palikuwa na watu wanaokula sodiamu kidogo sana, na katika hao wanne kimoja kilikuwa kijiji cha Kenya. Hapo shinikizo la damu lilikuwa la chini, na halikupanda sana kwa umri. Kisha mwaka 1990 wachunguzi walitoa habari za vijana wa Kiluo waliotoka vijijini kwenda kuishi Nairobi. Ilikuwa damu ile ile na ukoo ule ule. Lakini mara baada ya kuhamia mjini, shinikizo lao lilianza kuwa juu kuliko la wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi, yaani chumvi imeongezeka, matunda na mboga zimepungua. Uzito wa mwili nao uliongezeka, na mashaka ya mjini yalikuwapo. Hatusemi chumvi ni sababu ya pekee. Lakini je, Bukavu yetu haikujaa watu waliotoka kijijini kuja mjini, wengi wakikimbia vita? Safari ya vijana wale ni safari yetu.

Kipimo

Sasa twafika kwenye kipimo. Shirika la Afya la Dunia lasema hivi: mtu mzima asipite miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, yaani chini ya gramu 5 za chumvi. Hiyo haifiki kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Ni chumvi yote ya siku: ya mchuzi, ya mkate, ya kube, ya makayabu, na ile inyunyizwayo mezani. Mtoto apewe kidogo kuliko mtu mzima, kadiri ya chakula chake. Na mtoto mchanga asitiliwe chumvi katika uji wake. Shirika hilo limekadiria kwamba watu wa dunia hula, kwa wastani, karibu gramu 11 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya kipimo, na kwamba vifo kama milioni 1.9 kila mwaka huhusiana na sodiamu iliyozidi.

Mama mwenye nyumba atasema: "Sina mizani jikoni." Hana haja nayo. Atumie hesabu hii. Nyumba ya watu 8, kila mtu gramu 5, ni gramu 40 kwa siku. Kilo moja ni gramu 1,000. Gawanya: ni siku 25. Basi, katika nyumba ya watu 8, kilo ya chumvi isiishe kabla ya siku 25. Na kwa kuwa wengine ni watoto, na kwa kuwa mkate na kube vina chumvi yake, yafaa ikae zaidi ya mwezi. Aandike kwa mkaa ukutani tarehe aliyofungua kifuko. Kikiisha baada ya siku 12, ukuta umekwisha kumwambia ukweli bila daktari.

Twasikia tayari maswali ya wasomaji. Tuyajibu kwa ufupi.

"Nikipunguza chumvi, je, rovu halitarudi?" La. Chagua chumvi iliyoandikwa kwamba ina iodini, nawe uitumie kidogo. Mtu mzima ahitaji iodini mikrogramu 150 tu kwa siku, na mama mjamzito 250. Shirika la Afya la Dunia liliweka mwaka 2014 vipimo vinavyolingana: watu wakila chumvi kidogo, kila kilo ya chumvi itiwe iodini zaidi. Kwa hiyo amri mbili hazipigani. Chumvi hiyo iwekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, nayo itiwe mchuzini mwishoni, iodini isipotee na mvuke.

"Sisi twabeba mizigo na kupanda milima, jasho latutoka. Je, hatuhitaji chumvi zaidi?" Jasho la kazi za kawaida huchukua sodiamu kidogo, na chakula chatosha kuirudisha. Kinachohitajika zaidi ni maji.

"Na mgonjwa wa kuhara?" Huyu ni jambo lingine kabisa. Sisi wa Kivu twaijua kolera. Hatujasahau Julai 1994 huko Goma. Mgonjwa wa kuhara hupoteza maji na chumvi kwa saa chache, naye aweza kufa. Apewe maji ya dawa ya kituo cha afya. Na kama hayapo, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, huku akipelekwa kituoni. Hapo chumvi yaokoa, tena kwa kipimo.

"Je, wataalamu wote wanakubaliana?" Juu ya mpaka wa chini hawajakubaliana wote. Utafiti mmoja mkubwa uliotolewa mwaka 2014 ulisema kwamba hata wanaokula sodiamu kidogo sana walionekana kuwa na hatari. Wengine walijibu kwamba mkojo wa mara moja tu, uliotumiwa kupimia, si kipimo cha kutegemea. Ubishi huo bado upo. Lakini kwa mtu ambaye tansio yake imekwisha panda, shauri ni moja: apunguze.

Na sasa turudie ile chumvi ya majivu, yenye potasiamu nyingi. Mwaka 2021 ulitolewa utafiti wa China, uliofanywa katika vijiji 600 kwa watu karibu 21,000. Nusu ya vijiji walipewa chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu. Viharusi vikapungua kwa 14 katika kila 100. Mwaka 2025 Shirika la Afya la Dunia lilishauri chumvi ya namna hiyo badala ya ile ya kawaida kwa watu wazima, isipokuwa wenye ugonjwa wa figo na wajawazito. Hatusemi turudi kuchoma matete. Chumvi ya majivu haikuwa na iodini ya kutosha wala kipimo kinachojulikana. Lakini potasiamu iko pia katika ndizi, maharagwe, lengalenga, sombe na viazi, navyo vyote vipo mashambani mwetu. Limau, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili hukoleza mchuzi bila kuongeza damu nguvu. Na makayabu yalowekwe, maji yamwagwe, yalowekwe tena.

Jibu kwa mama

Tulirudi kwake, tukamkuta ameketi kando ya mume wake, akimsaidia kufungua na kufunga vidole. Swali la kwanza tulimjibu kwamba maneno yote mawili ni ya kweli. Chumvi yenye iodini ni dawa, na dawa hupimwa. Aliyemfundisha zamani hakukosa, na hospitali haikukosa.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Tulimwambia hivi: "Mama, tansio ina sababu nyingi: umri, ukoo, uzito, pombe, mashaka, na chumvi ni mojawapo. Wewe ulipika kama ulivyofundishwa na mama yako, naye alifundishwa na mama yake, aliyeijua chumvi kama mali ya wageni. Ulimpa mume wako heshima. Hakuna aliyekuambia kwamba heshima hiyo imekuwa nyingi kupita mwili." Tulimwomba jambo moja zaidi, nasi twawaomba ninyi pia: dawa za tansio zisiachwe kwa sababu tu chumvi imepunguzwa, na kila mtu mzima wa nyumba, hata asiyeumwa, apimwe tansio kituoni, maana ugonjwa huu haupigi hodi.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha alisimama, akaenda jikoni, akarudi na mkaa. Akaandika tarehe ukutani, karibu na mlango, pale ambapo watoto wake wote wangeiona.

Wasomaji wapenzi, tuseme tena juu ya wazee wetu kwamba wamekula chumvi nyingi. Lakini waile kwa miaka mingi, kidogo kidogo, isiishe kilo kabla ya mwezi.